Uwazi wa Ndani: Dhahabu, Mpingo au Bomba la Maji?

Katika ukanda unaoanzia Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ukapita Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, watu wamezoea kupima thamani ya kitu kwa kuuliza kimetengenezwa kwa nini. Dhahabu ina karati zake, jiwe lina gramu zake, na mnunuzi hahitaji kujua aliyelichimba ili apange bei. Swali hilohilo huulizwa kuhusu filimbi. Filimbi ya dhahabu inayopigwa katika okestra za Ulaya inasifiwa kwa dhahabu yake, ya mpingo inasifiwa kwa mpingo wake, na ile ya bomba la plastiki iliyo mikononi mwa mtoto wa bendi ya shule inaonekana ni ya kubahatisha tu, ya kutumia mpaka ipatikane iliyo bora. Mpangilio huu wa heshima haulingani na namna filimbi inavyofanya kazi. Kinacholia ndani ya filimbi ni hewa, na hewa hiyo hutii umbo la uwazi iliyomo pamoja na ukingo unaokata pumzi. Mata, yaani kile ambacho filimbi imetengenezwa kwacho, ina kazi yake, tena kazi kubwa, lakini kazi hiyo ni kulinda umbo au kuliharibu. Anayeanza kwa kuuliza mata kabla ya kuuliza vipimo hulipa fedha nyingi mahali pasipostahili na kubana matumizi mahali panapoamua sauti.

Tuanze na namna sauti inavyozaliwa, maana hapa ndipo filimbi inapoachana na ndugu zake. Katika zumari ya pwani kuna ulimi wa jani au utete unaotikisika mdomoni. Katika ngoma kuna ngozi. Filimbi haina kitu kigumu kinachotikisika ili kutoa sauti. Pumzi hupita kwenye mlango mwembamba, hutoka kama ukanda wa hewa, kisha hugonga ukingo mkali upande wa pili wa dirisha, yaani tundu lililokatwa karibu na mdomo wa filimbi. Ukanda huo huyumba, mara ukiingia ndani ya bomba, mara ukitoka nje, na hewa iliyomo ndani huuamuru uyumbe kwa kasi inayolingana na urefu wake. Kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Hivyo bomba lililo wazi pande zote mbili, linalotakiwa kutoa noti ya hezi 440, huhitaji safu ya hewa yenye urefu wa sentimita 39 na kidogo. Bomba lenyewe hukatwa fupi zaidi kwa sentimita mbili au tatu, kwa kuwa safu ya hewa haiishii pale bomba linapoishia: huchomoza kidogo nje ya mwisho wa bomba, na huchomoza zaidi penye dirisha. Katika hesabu hiyo hakuna mahali panapoulizwa kama ukuta ni wa fedha, mwanzi au plastiki.

Kwa kuwa tunaongelea eneo la dhahabu, ushahidi wa dhahabu ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Mwanafizikia Mmarekani Dayton Miller, aliyekusanya filimbi zipatazo 1,700 na kuziachia Maktaba ya Bunge la Marekani, alijitengenezea kwa mikono yake filimbi ya dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1909 alichapisha hoja kwamba kuta za bomba hubadilisha sauti. Heshima yake ilikuwa kubwa na wengi walimfuata. Mwaka 1971 John Coltman, naye mwanafizikia na mpigaji filimbi, aliijaribu hoja hiyo kwa njia rahisi inayopendeza. Alitengeneza filimbi zenye vipimo sawa vya ndani, moja ya fedha nyembamba, moja ya shaba nyekundu nene, moja ya mbao, kisha akazipiga wasikilizaji wasione ipi ni ipi. Hawakuweza kuzitofautisha. Wapigaji wenyewe, walipozuiwa kuona na kuhisi uzito wa waliyoishika, nao hawakuweza. Miaka 30 baadaye watafiti wa Vienna walirudia kazi hiyo kwa filimbi za kiwandani zenye muundo mmoja, kuanzia iliyopakwa fedha juu juu hadi ya dhahabu ya karati 24 na ya platinamu, mikononi mwa wapigaji wa kulipwa. Tofauti kati ya mpigaji na mpigaji ilisikika wazi. Tofauti kati ya madini na madini haikusikika. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara 13 ya plastiki ya PVC, na uzito wote huo haukuiongezea hewa ya ndani neno hata moja.

Hapa mpigaji mzoefu atapinga, na pingamizi lake ni la haki: yeye husikia tofauti kati ya filimbi yake ya mbao na ya bati, na masikio yake hayamdanganyi. Hata Theobald Boehm wa Munich, aliyeibadilisha filimbi ya pembeni kuliko mtu yeyote, aliandika kwamba ugumu wa mata huathiri mlio. Nadhani wote wawili wanasikia jambo la kweli, ila wanalipa jina lisilo lake. Mbao haiwezi kukerezwa ikawa nyembamba kama bati bila kupasuka, hivyo ukuta wake hufika milimita nne au zaidi, na tundu la kidole linageuka kishimo chenye kina. Kishimo kirefu huishusha noti na kuufanya mlio uwe mzito kidogo kuliko tundu lililotobolewa kwenye bati jembamba. Tofauti hiyo ni ya umbo. Fundi akiongeza kola ya plastiki kuzunguka tundu la filimbi ya bati mpaka kina kilingane na cha mbao, tofauti hiyo hupungua. Kingo nazo zina habari yake. Mbao ngumu iliyochongwa kwa kisu kikali hupata ukingo safi kwenye dirisha, na matundu yake hupanuliwa kwa ndani ili hewa igeuke bila kukwaruzwa, wakati filimbi ya bei rahisi iliyotoka kwenye kalibu huachwa na mshono wake. Tena anayenunua dhahabu hupewa saa nyingi zaidi za fundi bora zaidi. Akiusifia mlio, sehemu kubwa ya anachokisifia ni saa hizo. Boehm mwenyewe, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa usonara, hakuibadilisha filimbi kwa kuhamia kwenye madini ya thamani. Mwaka 1847 alibadilisha umbo la uwazi wa ndani, baada ya kupima na kujaribu kwa mabomba, na uwazi huo ndio unaotumika hadi leo katika okestra.

Hivyo uwazi wa ndani unastahili kuzungumziwa kwa kina. Kuna mambo mawili: upana wake ukilinganishwa na urefu, na kama upana huo ni uleule toka juu hadi chini. Bomba pana hutoa noti za chini zilizojaa, lakini oktava ya juu hugoma au hudai pumzi nyingi. Bomba jembamba hupanda juu kwa urahisi, ila chini husikika kama mtu anayenong'ona, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta hupoteza nguvu kwa msuguano na joto, na katika bomba jembamba sehemu kubwa zaidi ya hewa imo karibu na ukuta. Filimbi nyingi za kupuliza kwa dirisha zinazosifiwa zina urefu wa hewa unaokaribia mara 25 ya upana wa uwazi. Ile filimbi ndogo ya bati ya Uingereza na Ireland, yenye noti ya chini ya D, ina uwazi wa takriban milimita 12, na kubwa yake iliyo chini kwa oktava ina milimita 20 na zaidi kidogo. Rekoda, ambayo pia ni filimbi ya dirisha, nayo ina historia inayofundisha. Zile za karne ya 16 zilikuwa na uwazi mpana usiobadilika sana, zikiimba vizuri pamoja katika sauti za chini. Mwishoni mwa karne ya 17 mafundi wa Ufaransa walizikata vipande vitatu na kuufanya uwazi usinyae kuelekea chini, zikapata oktava mbili zenye noti sahihi na matundu yaliyosogeleana mahali vidole vinapofika. Mbao zilibaki zilezile za zamani, na chombo kikawa kingine kabisa.

Sasa tuingie kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Geita, maana huko ndiko filimbi nyingi za leo zinakoanzia. Mteja akiomba bomba la robo tatu hupewa bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 25, lakini kipimo hicho cha nje ndicho pekee anachoweza kukiamini. Ukuta huongezeka unene kufuatana na presha ambayo bomba limeundwa kuihimili. Lenye ukuta wa milimita 1.5 lina uwazi wa milimita 22, na lenye ukuta wa milimita 1.9 lina uwazi wa milimita 21.2. Kwa fundi bomba, mabomba hayo ni mapacha. Kwa mwalimu wa bendi anayefuata vipimo vilevile vya matundu, hizo ni filimbi mbili zisizopatana, na akizikabidhi kwa watoto 20 atasikia zogo asilojua limetoka wapi, kisha atailaumu plastiki. Bomba jembamba la kupitishia nyaya za umeme nalo lina vipimo vyake, na bomba jeusi linalouzwa kwa roli, lile linalotumika kuvuta maji kwenye maduara ya wachimbaji, halifai kabisa: limepinda tangu kiwandani, ni laini, ukingo wake hauwi mkali, na gundi hailishiki.

Hata bomba lililochaguliwa vizuri huja na kasoro moja ya kimaumbile. Uwazi ukiwa na upana mmoja toka juu hadi chini, oktava ya pili huelekea kulegea, yaani noti za juu huwa chini kidogo kuliko zinavyopaswa, kwa sababu ile sehemu ya hewa inayochomoza kwenye dirisha haibaki ileile sauti inapopanda. Wapigaji huikwepa kasoro hiyo kwa kupuliza kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo filimbi ya plastiki ilipopata sifa ya kupiga kelele. Dawa yake ni ileile ya mafundi wa rekoda: kuufanya uwazi usinyae. PVC hulainika inapokaribia nyuzi 80, na maji yanayochemka yanatosha, hata kwa mwinuko wa Shinyanga na Geita, mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Fundi hukereza kijiti cha mti mgumu kilichochongoka kidogo, hukipaka nta, huchovya nusu ya chini ya bomba kwenye maji ya moto, hulivalisha juu ya kijiti na kulikaza kwa kamba mpaka lipoe. Kutumia moto wa makaa ni hatari, kwa sababu PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu. Kazi hiyo ikifanyika kwa uangalifu, bomba la maji hupata kile ambacho dhahabu haiwezi kukinunua.

Pingamizi la pili linaiuma nchi yetu zaidi. Ikiwa mata haina sauti, mpingo una thamani gani? Mti huu unaochukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa ndio unaotengeneza klarineti, obo na rekoda bora za dunia, na vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, jambo ambalo misitu ya asili ya vijiji Afrika haikuwa imelipata kabla yao. Hoja yangu haiushushi mpingo. Inaeleza kwa nini ulistahili bei hiyo tangu awali. Mbao yoyote husinyaa zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo tundu lililotobolewa duara hugeuka yai kadiri mbao inavyokauka, na makumbusho ya Ulaya yana rekoda nyingi za zamani ambazo uwazi wake si duara tena. Mpingo husogea kidogo kuliko mbao nyingi. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yanayozuia unyevu wa pumzi kupenya, na nyuzi zake zimebanana hivi kwamba huchukua ukingo mkali kama chuma. Tabaka la hewa linalogusana na ukuta na kupoteza nguvu lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa noti ya katikati. Mbao yenye vinyweleo vya ukubwa huo hula sauti, na mpingo hauna. Anayenunua mpingo ananunua uwazi utakaobaki na vipimo vyake kwa miaka 50. Nao una kikomo: katika kiangazi cha Shinyanga, kati ya Juni na Oktoba, hewa ya nje ni kavu na pumzi ya ndani ni mvua, na filimbi ya mpingo isiyopakwa mafuta na kuzoeshwa kidogo kidogo hupasuka kwa urefu wake.

Kuna sehemu moja ya rekoda ambako nakubali bila kusita kwamba mata inasikika, nayo ni kizibo cha mdomoni. Mafundi hukichonga kwa mwerezi, mbao laini inayonyonya matone ya pumzi bila kuvimba sana. Rekoda ya plastiki haina mahali pa kunyonya. Baada ya dakika chache matone huziba mlango wa pumzi na sauti hukwama, jambo linalofahamika kwa walimu wa Kenya, ambako rekoda ya plastiki imo katika mtaala wa shule za msingi. Hata hapo, mata hupita kwenye umbo: tone la maji ndani ya mlango wenye kimo cha milimita moja limebadilisha umbo la mlango. Kuipasha rekoda joto mkononi au kwapani kabla ya kuipiga hupunguza tatizo hilo, wala hakugharimu chochote.

Filimbi za kuitana zinafuata sheria nyingine. Refa na kiongozi wa ngoma wanahitaji ukali unaopenya kelele, na usahihi wa noti si hoja kwao. Chumba chake ni kifupi, na gololi ya ndani huikatakata sauti ili sikio lishtuke. Gololi hiyo, iliyotengenezwa kwa gome la vizibo vya chupa, ikilowa mate hukwama, ndiyo maana zile zisizo na gololi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, zilitumia vyumba vitatu vyenye urefu unaotofautiana kidogo ili sauti zake zigongane. Tatizo la mata likatatuliwa kwa kubadilisha umbo.

Watakuwepo watakaosema kwamba vipimo hivi vya milimita na hezi ni vya watu wengine, na kwamba mafundi wa huku wametoboa mianzi na matete kwa sikio tangu zamani na muziki ukaenda. Ni kweli muziki ulikwenda, na sikio la fundi ni kipimo kizuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa chivoti ya Wamijikenda na kwa ndere ya Baganda, ambayo kundi la Ndere la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1984, lilichukua jina lake. Lakini kila mwanzi huja na uwazi wake, na fundi hulazimika kuanza upya kila mara. Kupima hakumlazimishi mtu kufuata ngazi ya sauti ya Ulaya. Anayetaka ngazi ya Kisukuma akiandika upana wa uwazi, urefu na nafasi za matundu ya filimbi anayoipenda, ataweza kutengeneza ya pili na ya kumi zitakazopatana nayo. Bila vipimo hivyo, fundi akifa filimbi yake hufa naye, na kwangu hiyo ni hasara inayoumiza. Kupima pia huzuia lawama zisizo na msingi. Joto la hewa ndani ya bomba likipanda kutoka nyuzi 20 za asubuhi hadi 30 za mchana, noti zote hupanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, iwe filimbi ya dhahabu au ya bomba. Mwinuko wenyewe hauna athari hiyo, kwa kuwa kasi ya sauti hutegemea joto, si wembamba wa hewa.

Linabaki jambo ambalo mata inaamua peke yake, nalo linahusu mdomo. Mabomba yaliyotumika huokotwa kwa urahisi katika maeneo ya uchenjuaji, na kwenye mialo ya Geita na Kahama dhahabu hukamatwa kwa zebaki na marudio, yaani mchanga uliobaki, huoshwa kwa sianidi. Mabaki yake hayaonekani kwa macho, na mtoto anayepuliza filimbi huweka bomba kati ya midomo yake kila siku. Bomba la filimbi linunuliwe jipya dukani, hata kama ni kipande cha nusu mita tu. Na kwa walimu, maofisa utamaduni na mafundi wa Shinyanga na Geita, ombi langu ni hili: kabla ya kuchangisha fedha za filimbi za kuagiza, nunueni kalipa moja ya kupimia uwazi wa ndani, tupa ndogo ya kunyoosha ukingo wa dirisha na kijiti kilichochongoka, kisha pimeni kila bomba kabla ya kulikata.